Hewa ya Mita Mbili

Restituta Akonaay alipanda mnara wa simu wa Getanuwas kwa mara ya kwanza Jumanne moja ya Februari 2008, kwa sababu fundi aliyepaswa kuupanda hakufika.

Fundi huyo, Clement, alipiga simu saa mbili asubuhi akiwa njiani. Gari lao lilikuwa limezama kwenye tope, na siku ya pili yake alitakiwa awe kwenye mnara mwingine huko Kiteto.

"Dada, tusogeze mpaka wiki ijayo," alisema.

"Wiki ijayo itakuwa tumechelewa. Nataka mwezi mzima wa hewa kabla shamba halijaanza kupigwa dawa. Jina langu lipo kwenye kibali, cheti cha kupanda ninacho, mkanda ninao. Wewe niambie tu nisiguse nini."

Clement ndiye aliyemfundisha kupanda, siku tatu kule Arusha, na alijua huyu si mtu wa kubembeleza abaki chini. "Usisimame mbele ya madishi," alisema. "Na zile ndoano mbili za mkanda, usizifungue zote kwa pamoja hata mara moja. Moja ikifunguka, nyingine iwe imeshika. Ukishuka nipigie."

Sasa alibaki mlinzi wa mnara. Gidamis alikuwa Mbarbaig mrefu wa miaka hamsini na kitu, mwenye shuka nyeusi na simu iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Tangu kampuni ya simu iuweke mnara miaka miwili nyuma, alikuwa amehamishia boma lake karibu nao, hatua kama mia mbili hivi, ili alinde mnara na ng'ombe wake kwa macho yale yale.

"Shikamoo, baba," Restituta alimwamkia.

"Marahaba. Niliambiwa anakuja mwanaume."

"Kibali kina majina mawili. La pili ni langu. Mpigie bosi wako umsomee namba hii."

Gidamis alipiga, akasikiliza, akamtazama binti kuanzia viatu mpaka kofia ngumu ya njano, kisha akafungua geti.

Restituta alikuwa na miaka ishirini na saba. Alizaliwa Gitting, upande wa juu wa wilaya, kwa wakulima wa ngano na maharage, na sasa alikuwa anasoma shahada ya pili ya kemia Dar es Salaam. Begani alikuwa na mfuko uliobeba vifaa vinne vinavyofanana. Kila kimoja kilikuwa mabakuli mawili ya chuma yaliyofunikiana, yameachiwa mwanya wa kupitisha hewa, na ndani yake kipande cha sponji cha duara, kipana kama chapati. Hewa inapita humo mchana na usiku, na sumu za kuulia magugu na wadudu zinazoelea hewani kama mvuke zinanasa kwenye sponji. Baada ya mwezi unaitoa kwa glavu, unaifunga kwenye karatasi ya foili, unaitia kwenye chupa, unaipeleka maabara. Cha kwanza alikifunga mita mbili kutoka ardhini, cha pili mita kumi, cha tatu ishirini, cha mwisho arobaini.

Alipanda polepole bila kutazama chini. Ndoano moja, kisha nyingine. Kwenye mita ishirini upepo ulianza kumsukuma kwa nguvu ambayo chini haikuwepo kabisa, naye akasimama apumue, mikono ikiwa imara, akijisikia vizuri kuliko alivyotarajia. Kutoka juu aliuona mlima Hanang ukiwa na wingu kiunoni, tambarare yote ya wafugaji, na upande wa mashariki ule udongo mwekundu uliolimwa kwa trekta, ekari baada ya ekari. Lilikuwa shamba la Patriki Sulle.

"Unapika nini huko?" sauti ya mwanamke iliita kutoka chini.

"Upepo, mama!" alijibu, na wanawake watatu waliokuwa wamesimama nje ya uzio wakacheka.

Aliyeuliza alikuwa Helena, mke wa Gidamis. Restituta aliposhuka, Helena alimsubiri na kibuyu cha maziwa, akamtaka anywe akiwa amekaa, kwa sababu, alisema, mtu aliyetoka huko juu miguu yake bado haijaamini kwamba amefika.

*

Habari iliyomleta Getanuwas ilikuwa inajulikana mpaka mnadani Katesh. Ndama wa wafugaji walikuwa wanakufa. Walianza kutetemeka midomo, kisha shingo, kisha mwili mzima, wakaanguka na kurusha miguu, na wengi hawakusimama tena. Tena kulikuwa na harufu, kali na chungu, ambayo asubuhi za baridi ilikaa juu ya boma mpaka jua lipande. Wafugaji hawakuwa na shaka inatoka wapi. Shamba lile lilikuwa ardhi ya malisho zamani za baba zao, likachukuliwa kulimwa ngano, na sera zilipobadilika likakatwa vipande na kukodishwa kwa watu binafsi. Kipande cha jirani yao alikipata Sulle, Mwiraqw wa kule juu, naye alipanda mbaazi na kuzipiga dawa kwa trekta. Gidamis ndiye aliyepeleka barua wilayani. Mara mbili vijana walitaka kwenda kulizuia trekta kwa fimbo, na mara mbili aliwazuia, akisema wasubiri kipimo.

Kwa hiyo alitaka kukielewa hicho kipimo.

"Mbona vinne?" alimuuliza Restituta siku ile ile. "Hewa si ni moja?"

"Siyo moja, baba. Kama sumu inatoka mbali inakuja na upepo. Nitaikuta juu, na chini itakuwa sawasawa au pungufu kuliko hapo. Kama inatoka hapa hapa ardhini, itakuwa nyingi chini, na itapungua kadri ninavyopanda. Ni kama moshi wa jiko. Ukiwa jikoni unatoa machozi, ukiwa mlimani unauona tu kwa mbali."

Gidamis alifikiri. "Basi utaikuta juu."

"Naamini hivyo," alisema Restituta. Na kweli aliamini. Alikuwa ameisoma ramani, ameusoma upepo, unaovuma kutoka mashariki miezi mingi ya mwaka, na alikuwa amekwisha kuandika kichwani sura ya mwisho ya tasnifu yake.

Alirudi kila mwezi kubadilisha sponji. Mara ya pili Clement alikuja naye, akaishia kukaa chini na kumtazama, kwa sababu hakuona la kumsaidia. Kila safari Restituta alibeba pia sponji ya tano aliyoifungua na kuifunga pale pale bila kuining'iniza, ili ikionekana na sumu ajue kwamba uchafu umetoka kwenye mikono yake au njiani. Chupa alizihifadhi kwenye friji ya duka la soda Katesh, ambako mwenye duka alizitengea rafu ya chini na kuwaambia wateja kwamba ni dawa za wazungu.

Katikati ya Aprili, akiwa anafungua bakuli la mita mbili, gari jeupe lilisimama nje ya uzio. Alishuka mzee mnene mwenye kofia ya pama. Alimsalimia kwa Kiiraqw, lugha ya kwao.

"Wewe ni mtoto wa Akonaay wa Gitting. Mimi na baba yako tulipata kipaimara siku moja."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Patriki Sulle aliutazama mnara mpaka kileleni. "Nasikia umekuja kunifunga."

"Nimekuja kupima hewa."

"Na hewa ikisema ni mimi?"

"Nitaandika ni wewe."

"Na ikisema siyo mimi?"

"Nitaandika hivyo pia," alisema upesi, kama mtu anayeahidi jambo analojua halitamfikia. Kisha akaongeza, "Nikuombe kitu, baba. Majina ya dawa zote unazotumia, na tarehe ulizopiga."

Alidhani atakataa. Sulle alikwenda garini, akaleta daftari la shamba, akasimama pale juani kwa nusu saa akimsomea huku yeye anaandika. Alipomaliza alisema, "Mimi sina cha kuficha. Ila hawa jirani zangu hawatakuamini ukiwaambia hivyo."

Wiki hiyo hiyo ndama mwingine wa Helena alikufa. Restituta alikuwepo. Alikuwa jike mwekundu mwenye doa jeupe usoni, wa wiki tano, na Helena alikishika kichwa chake mapajani mpaka kilipotulia. Gidamis alisimama ameegemea ukuta mbovu wa zizi.

"Vumilieni kidogo," Restituta aliwaambia. "Ushahidi unakuja."

*

Majibu yalitoka Julai, Dar es Salaam, kwenye chumba chenye baridi ambamo mashine ilichora mistari yenye vilele, kila kilele kikiwa kemikali moja. Msimamizi wake, Dakta Bernadina, alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa sweta mwaka mzima kwa sababu ya chumba hicho. Restituta alizipanga karatasi mezani, akazitazama, akazipanga upya.

Dawa ya Sulle ilikuwepo. Ilionekana katika miezi aliyopiga tu, kidogo, na kwa kiwango kinachokaribiana kwenye vimo vyote vinne. Lakini kulikuwa na kilele kingine, kirefu, ambacho hakikuwa kwenye daftari la Sulle. Kilikuwa DDT, sumu ambayo mashambani ilikuwa imeachwa miaka mingi. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, ilikuwepo daima, dawa ipigwe isipigwe. Kwenye mita arobaini ilikuwa hafifu. Kwenye ishirini ilizidi, kwenye kumi ikazidi tena. Kwenye mita mbili kilele kilitoka nje ya karatasi.

"Nimechanganya lebo," alisema Restituta.

"Miezi mitatu yote?"

"Labda nilizifunga kinyume. Ya juu nikaiandika ya chini."

"Sponji tupu inasema nini? Ile ya tano?"

"Safi."

"Na juu kuna upepo zaidi au pungufu?"

Jibu Restituta alilijua. Juu upepo ni mkali, kwa hiyo sponji ya juu inapitiwa na hewa nyingi zaidi, inanasa zaidi. Kama vitu vingekuwa sawa, ya juu ndiyo ingeshinda. Ikiwa ya chini imeshinda mara ishirini huku ikipitiwa na upepo mdogo, basi hapakuwa na cha kubishania.

"Inatoka ardhini," alisema.

"Inatoka ardhini," Dakta Bernadina alikubali. "Tena karibu. Kuna nini karibu na mnara huo?"

"Hakuna kitu. Boma la mlinzi. Zizi la..."

Alikaa chini. Kichwani alimwona Gidamis ameegemea ukuta mbovu wa zizi. Ukuta ule ulikuwa wa matofali ya saruji, na wafugaji wa Getanuwas hawajengi zizi kwa matofali ya saruji. Miezi mitano alikuwa ameyatazama mashamba ya mashariki kutoka juu ya mnara, wala hakuwahi kuuliza pale chini palikuwa nini.

"Niliwaambia wavumilie," alisema. "Niliwaambia wavumilie, na ndama wamo humo ndani."

Dakta Bernadina hakumfariji. Alimwambia, "Kuna basi la saa kumi na mbili asubuhi."

*

Mkutano wa kijiji ulikuwa umepangwa Jumamosi. Restituta alifika Getanuwas Ijumaa asubuhi kwa pikipiki kutoka Katesh, na hakwenda kwa mwenyekiti. Alikwenda kwa Helena.

Hewa ilikuwa tulivu na baridi, na ile harufu ilikuwepo. Safari hii aliisikia kwa namna nyingine. Helena alikuwa ndani ya zizi anakamua, na ndama saba walikuwa wamefungwa kwenye vigingi kando ya ukuta, wakilamba matofali.

"Mama, hapa palikuwa nini kabla hamjahamia?"

"Ghala la ushirika," alisema Helena bila kuacha kukamua. "La pamba na mbolea na madawa. Ushirika ulikufa, wakang'oa mabati, wakang'oa milango. Kuta zikabaki. Tulipokuja tuliona ni zizi zuri, fisi haingii."

"Ni ndama gani wanaoumwa zaidi?"

Sasa Helena aliacha. Aliinua mkono akaonyesha kona ya mwisho, ambako sakafu ya saruji ilikuwa imepasuka. "Wa pale. Wa kona ile hawapiti mwezi. Nilimwambia baba yao. Nilimwambia, ng'ombe wakubwa wanapita mpakani kwa Sulle kila siku, asubuhi na jioni, hawatetemeki. Ndama hawajawahi kuliona shamba la Sulle. Hawatoki humu. Akasema ndama ni dhaifu, upepo unawapata kwanza." Alimtazama Restituta machoni. "Na wewe hukuniuliza."

"Sikukuuliza, mama. Nilikosea."

Alisema hivyo wazi, bila kuzungukazunguka. Kisha akavaa glavu na barakoa, akawaomba wawatoe ndama wote nje kwanza, akachukua sururu na kwenda kwenye ile kona.

Gidamis alimkuta akichimba. Alisikiliza maelezo yote akiwa amesimama mlangoni, fimbo imewekwa mabegani nyuma ya shingo, na uso wake ukawa mgumu.

"Sulle ni mtu wa kwenu," alisema. "Anajuana na baba yako. Alikuja hapa mnarani, mkaongea Kiiraqw mbele yangu. Nimewazuia vijana mara mbili kwa ajili ya kipimo chako. Na leo unasema ni zizi langu!"

"Nasema ni ghala. Wewe hukuweka sumu hapa, baba. Lakini ipo."

"Ulisema itakuwa juu."

"Nilisema naamini. Kipimo kimekataa imani yangu. Kingesema ni Sulle ningesimama kesho kumtaja, na bado nina la kumwambia. Ila ndama wako hawauawi na yeye. Njoo uone mwenyewe, usiguse kwa mkono."

Chini ya saruji iliyopasuka palikuwa na shimo. Mtu fulani, zamani, wakati ushirika unakufa, alikuwa amezika humo vitu asivyojua pa kuvipeleka, akasiliba juu yake saruji nyembamba. Magunia yalikuwa yameoza. Kutoka ndani yake ulikuwa umemwagika unga mweupe uliogandamana kama jasi, na ukingoni mwa shimo unga ule ule ulionekana umepanda kwenye ufa wa ukuta, kwenye matofali yale yale yaliyolainishwa na ndimi za ndama. Harufu ilipiga usoni. Gidamis alirudi nyuma hatua mbili.

Kisha akashusha fimbo.

"Waliokufa ni kumi na tisa," alisema. "Niliwafunga mimi mwenyewe. Kwa kamba yangu."

Helena alizungumza kwa sauti ya kazi. "Waliobaki ni saba. Leo wanalala kwa ndugu yako. Nani anawaswaga?"

Gidamis aliinama, akafungua kamba ya ndama wa karibu, akaongoza njia.

*

Mkutano ulijaa. Wafugaji walikaa upande mmoja na fimbo zao, wakulima upande mwingine, na Patriki Sulle alikuja na kiti chake mwenyewe. Mwenyekiti alimpa Restituta nafasi. Alitundika karatasi kubwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, amechora mnara na mabakuli manne, na pembeni ya kila bakuli mstari unaoonyesha kiasi cha sumu. Mstari wa chini ulifika mwisho wa karatasi. Alieleza kwa sauti iliyofika mpaka nyuma. Aliposema sumu iliyoua ndama haikutoka shambani, kelele ziliinuka, na kijana mmoja akasimama akipiga kelele kwamba msomi amenunuliwa.

Gidamis alisimama. Kelele zilipungua, kwa kuwa walikuwa wamezoea awe msemaji wao.

"Jana nimeiona," alisema. "Ipo chini ya zizi langu, nyeupe, magunia yameoza. Ndama wangu walikuwa wanailamba. Barua niliandikisha mimi, na mimi naitengua, kwa habari ya ndama. Anayetaka kuona aje nimwonyeshe, akiwa mbali, na asije na mtoto."

Hakuna aliyepiga kelele baada ya hapo. Sulle aliinuka kwenye kiti chake, kifua mbele.

"Nashukuru," alisema. "Nimesingiziwa miaka miwili. Sasa mmesikia kwa masikio yenu kwamba mimi ni safi."

"Sijamaliza, baba," alisema Restituta.

Sulle alimtazama.

"Dawa yako pia nimeikuta. Kidogo, lakini nimeikuta, mita mbili, mita kumi, ishirini, mpaka arobaini. Zizi halina dawa hiyo. Imetoka kwako, imevuka mpaka, imefika hapa kwa upepo. Nimelinganisha na tarehe ulizonisomea mwenyewe. Mwezi ambao ulipiga upepo ukiwa mkali kutoka mashariki, ndio uliojaza sponji zaidi. Haijaua ndama. Lakini hawa watu wanavuta dawa uliyoinunua iue wadudu wako, na wewe unaipoteza angani."

Watu walicheka, wa pande zote mbili. Sulle alibaki amesimama, akitafuta kama amekosewa heshima, asione mahali.

"Unataka nifanye nini?"

"Upepo ukielekea huku, trekta lisitoke. Na siku ya kupiga, uwapigie simu mapema wasipitishe mifugo mpakani. Gidamis ana simu."

"Namba yake sina."

Gidamis aliitaja pale pale, tarakimu moja moja, na Sulle akaiandika kwenye simu yake mbele ya kijiji kizima, akimwomba arudie tatu za mwisho.

Ghala lilizungushiwa miiba siku iliyofuata, na wanawake waliokuwa wakianika mahindi kwenye kipande cha sakafu kilichobaki waliambiwa wayafukie. Helena alimwaga pia maziwa ya siku tatu. Watu wa kuondoa sumu, wenye mavazi meupe ya kuziba mwili mzima, hawakufika mwaka huo. Ilibidi Restituta aandike barua nyingi, aambatanishe picha nyingi, akae kwenye mabenchi ya ofisi za Babati na za Dar, na akirudishwa nje anaingia kwa mlango mwingine. Walikuja mwaka wa pili, wakachota unga, magunia, matofali na udongo wa mita moja kwenda chini, wakavifunga kwenye mapipa na kuondoka navyo. Tasnifu yake ilipita. Sura ya mwisho ilikuwa tofauti kabisa na ile aliyoiandika kichwani.

Lakini zizi jipya halikuweza kusubiri mapipa, na mwezi ule ule wa mkutano Gidamis alichagua mahali, upande wa pili wa barabara, penye mwinuko, akaanza kukata miiba. Helena alimzuia. Alichukua simu kutoka shingoni mwa mumewe na kumpigia Restituta, aliyekuwa Gitting kwa baba yake akila maharage mabichi.

"Mwanangu, una sufuria zako bado?"

"Zipo, mama."

"Njoo uning'inize moja hapa tunapotaka kujenga. Chini kabisa, kimo cha ndama. Na udongo uchukue. Baba yao anasema panaonekana pazuri. Nimemwambia hata kule palionekana pazuri."

"Itachukua mwezi mzima, mama, na wiki kadhaa za maabara."

"Ndama wako kwa shemeji yangu, wanakula. Tutangoja. Unakuja lini?"

"Kesho asubuhi," alisema Restituta.

"Kesho asubuhi," Helena alimwambia mumewe kwa Kibarbaig, na Restituta alisikia kwa simu panga likiwekwa chini.